Thayne Durfee na Mzinga Alioukaribia Asiushike

Aliyelala mbele yetu ni Thayne Rulon Durfee, mume, baba, babu na rubani, mtu aliyeishi miaka mingi shingo imeinuka juu, akisubiri kitu kimoja kishuke.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 katika shamba la kondoo la wazazi wake, Rulon na Arvilla Durfee, huko Skull Valley, Utah. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Mama yake alipenda kusimulia kwamba Thayne alitua duniani mkunga akiwa bado anavua buti zenye theluji mlangoni. Alipofikisha miaka saba akapewa kazi ya kukamata kuku wa Jumapili kwa waya mrefu uliopindwa ncha. Ndugu zake walimkimbiza kuku uwanjani mpaka wote wakahema. Thayne alisimama tu, akangoja kuku apite mwenyewe, kisha akamtia waya mguuni polepole hata manyoya yasipeperuke. Kaka yake mkubwa, Arlo, alikasirika sana. "Unamdanganya kuku wewe!" alimwambia. Thayne akajibu, "Simdanganyi. Namwangalia anakokwenda."

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari mjini Grantsville, akamaliza mwaka 1965. Hesabu alizipenda. Insha zilimtesa, na walimu wake wangeshangaa kumwona leo akiandikiwa ndefu kama hii. Mwaka 1967 aliitwa jeshini, akafundishwa kurusha helikopta, na akatumikia Vietnam kwa mwaka mmoja. Wajukuu walipomuuliza alifanya nini huko, aliwajibu jibu moja tu, kila mara: "Nilibeba watu. Wengine niliwafikisha." Baada ya hapo aliomba apewe chumvi, hata kama chumvi ilikuwa mbele yake.

Aliporudi alipata kazi ya kubeba mizigo kwa helikopta. Nguzo za umeme zilizosimama kwenye miteremko ya milima kusini mwa Tooele, ambako hakuna lori linaloweza kupanda, nyingi alizisimamisha yeye, zikining'inia kwenye waya chini ya miguu yake. Alimwaga maji kwenye mioto ya misitu. Alibeba kondoo waliozingirwa na mafuriko, wawili wawili ndani ya wavu, na alisema hakuna abiria wanaolalamika kama wale.

Tarehe 18 Juni 1971 alifunga ndoa na Velda Jorgensen katika hekalu la Salt Lake. Walikutana kwenye dansi ya kanisa. Thayne alichelewa, akaingia ananuka mafuta ya helikopta, na Velda akamwambia, "Ndugu Durfee, sabuni bado inauzwa." Alicheza naye hata hivyo. Wiki ya kwanza ya ndoa yao Thayne alileta jokofu nyumbani kwa helikopta ya kazini, akalishusha uani taratibu kama yai. Velda alitoka nje akishika kichwa. "Mlango wa jikoni uko upande ule, Thayne!" Akaliinua tena, akalizungusha juu ya nyumba, akalishusha upande ule. Bosi wake alimsimamisha kazi siku mbili, lakini jokofu lile liligandisha barafu mpaka mwaka 1996.

Katika ndoa hiyo alipata watoto wawili, Janeal na Reed. Alipata pia shemeji, na hapa wote mnaomfahamu Orrin mnaruhusiwa kucheka. Orrin Jorgensen, mdogo wake Velda, alianza kufanya kazi naye mwaka 1974. Rubani hukaa mbele. Nyuma, mlango ukiwa wazi na upepo ukimpiga usoni, hukaa mtu wa winchi, anayelegeza waya, anayeukaza, na anayemwambia rubani kinachoendelea chini. Kwa karibu miaka thelathini sauti aliyoisikia Thayne masikioni zaidi kuliko sauti ya mke wake ni ya Orrin. Wote wawili walilalamika juu ya jambo hilo.

Mwaka 1998 walikuja watu wa safari za anga. Walikuwa na chombo walichokiita Nyuki, ambacho kingesafiri miaka kadhaa kuifuata nyota yenye mkia, kiokote vumbi lake, na kulirudisha ndani ya kopo lenye umbo la mzinga. Ukilifikiria vumbi hilo, akili inasimama. Lilikuwapo kabla ya milima yetu, kabla ya ziwa letu la chumvi, labda kabla ya dunia yenyewe kuwa mviringo. Na lingekuja kushuka hapa, kwenye jangwa letu la magharibi, kwa sababu hapa pana nafasi ya kitu kuanguka bila kumpiga mtu.

Shida ilikuwa moja. Vumbi lilinaswa kwenye vigae vyembamba kuliko biskuti, na mzinga ukigusa ardhi, hata kwa parachuti, vigae vingevunjika. Kwa hiyo usiguse ardhi. Ulitakiwa ukamatwe ungali angani. Mzinga ungefungua parachuti lenye umbo la bawa, ambalo haliangukii chini wima bali huteleza mbele kama ndege mkubwa mvivu. Helikopta ingekuja kwa nyuma, juu kidogo, ikiwa na fimbo ndefu ya chuma yenye kulabu tumboni. Kulabu ingenasa kitambaa cha parachuti, parachuti lingekunjamana, Orrin angelegeza waya kidogo kidogo ili mzinga usishtuke, na Thayne angeubeba mpaka kwenye zulia safi na kuuweka chini. Wenye elimu walipomweleza hayo, walidhani watamshangaza. Thayne akauliza, "Una uzito gani?" Wakamwambia. Akasema, "Jokofu ni zito zaidi."

Walifanya mazoezi miaka mitano. Ndege iliangusha mizinga ya bandia iliyojazwa mchanga, nao wakaikamata, majira ya baridi na ya joto. Mara moja tu mambo yaliharibika, Aprili 2001. Parachuti la mazoezi lilikuwa na kamba iliyojisokota, na hakuna aliyeiona. Thayne alilinasa kwa mkupuo wa kwanza. Badala ya kukunjamana, likafura upande mmoja, likavuta waya kando, na waya ukamfagia Orrin miguu mlangoni. Mkanda wa usalama ulimshika. Alining'inia nje ya helikopta, juu ya jangwa, akitukana kwa maneno ambayo askofu hajaruhusu yasomwe hapa. Thayne alikata waya, akatua, akakaa chini kwenye ardhi ya chumvi. Orrin aliyekaribia kufa ndiye aliyemletea maji.

Kuanzia siku ile Thayne aliweka desturi aliyoiita salamu. Parachuti likifunguka, hatalikamata mara moja. Kwanza atapita ubavuni mwake, aliangalie kamba kwa kamba, kitambaa kwa kitambaa, kisha ndipo azunguke na kulikamata. "Mgeni husalimiwa kabla ya kushikwa mkono," alisema. Orrin aliona ni uzembe wa uzeeni. Lakini muda ulikuwapo. Parachuti lilifunguka juu sana, na mtu angeweza kusalimia, akazunguka, akakosa, akarudia mara nne, na bado jangwa likawa mbali chini. Ndiyo sababu salamu ikaingia mwilini mwao. Hawakuihesabia gharama yoyote, kwa kuwa mazoezini haikuwahi kuwa na gharama.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Septemba 2003. Grantsville nzima ilikuwa imeinua macho, na shule zilitoa watoto uwanjani. Mzinga uliingia angani juu ya Oregon ukiwaka kama kaa la moto, ukapoa, na parachuti dogo la kwanza likafunguka vizuri. Lile kubwa likachelewa. Halikukwama, lilichelewa tu. Lilipofunguka hatimaye, lilikuwa chini sana kuliko walivyozoea.

Yaliyosemwa ndani ya helikopta wanayajua wengi hapa, maana yamerudiwa mezani kila Jumapili.

"Hilo hapo, shemeji! Liko mbele yako! Kamata!"

"Nalisalimu kwanza."

"Hakuna nafasi ya salamu, Thayne! Kamata!"

"Nalisalimu, Orrin."

Akapita ubavuni. Orrin anasema lilikuwa zuri, jeupe na la rangi ya machungwa, limejaa upepo, kamba zote zimenyooka. Thayne alisema kamba mbili za nyuma zilikuwa zimepishana. Akazunguka. Alipokuwa anazunguka, upepo wa moto ukapanda kutoka kwenye chumvi, ukalisukuma parachuti pembeni, na ilibidi atumie sekunde kadhaa kulifuata. Akalifikia. Kulabu ikagusa kitambaa. Orrin aliisikia ikikwaruza, kama ukucha kwenye hema. Ikateleza. Wakati huohuo redio ikasema wameshuka chini ya kimo kilichoruhusiwa, aachie, aondoke. Thayne akaondoka. Walikuwa watu wazima wawili wenye helikopta nzuri na anga safi isiyo na wingu hata moja, na hawakuwa na la kufanya ila kuangalia.

Mzinga ulitua kwenye ukoko wa chumvi. Kwa mbali haukuonekana kama umevunjika. Wataalamu waliokota vipande vya vigae kwa koleo ndogo kwa wiki tatu, wakapata vumbi kidogo, lililochanganyika na chumvi ya Utah. Kamati iliitwa. Picha zilipanuliwa. Baadhi walisema kamba zilipishana, baadhi walisema kilikuwa kivuli. Ripoti yao ilikuwa nene kama biblia ya familia, na mwisho wake ikasema haiwezi kusema. Thayne aliisoma yote, akaifunga, akauliza chumba kizima: "Miaka mitano ya mazoezi, miezi kumi ya kamati, halafu hamwezi kusema?"

Watu huandika kwenye wasifu kwamba marehemu alipokea yote kwa moyo mkunjufu. Thayne hakupokea. Aliudhika, na aliendelea kuudhika, na wote waliowahi kula nyumbani kwake Jumapili ni mashahidi. Nyama ya ng'ombe ikishafika mezani, Orrin angeanza.

"Ungeukamata mzinga pale pale, shemeji, vumbi lote lingekuwa kwenye maabara leo."

"Ningeukamata pale pale, wewe ungekuwa kwenye jeneza."

"Ningejishika!"

"Mwaka ule ulijishika nini? Ulining'inia kama soksi."

"Kwa sababu sikujiandaa. Mara hii nilijiandaa. Ningejishika!"

Mpaka Velda agonge kijiko kwenye bakuli. "Mezani kwangu leo hakitui chombo chochote. Anayetaka viazi, anyamaze." Walinyamaza, wakala viazi, na walipofika kwenye keki mmoja wao alikuwa tayari ameanza tena, kwa sauti ya chini.

Mwaka 2009 ikatangazwa safari ya pili, kwenda kwenye nyota ileile yenye mkia, na Thayne, mwenye miaka sitini na mbili, akaitwa awafundishe marubani vijana na awe rubani wa kwanza siku yenyewe. Janeal anasema hajawahi kumwona baba yake akila vizuri kama mwaka ule. Alipunguza uzito. Alimrudisha Orrin kutoka kwenye ustaafu. Waliwafundisha vijana salamu, na Thayne akaomba jambo moja tu: parachuti lifunguke juu, hata ikibidi mzinga wote uundwe upya kwa ajili hiyo. Wakamkubalia. Kwa miaka mitatu hawakukosa hata moja.

Mwezi Oktoba 2012 akaja mtu mpole kutoka makao makuu. Velda alimtengea pai ya tufaha. Yule mtu akasema, "Ndugu Durfee, tumeonelea safari hii mzinga utue wenyewe. Tumeuwekea godoro ndani. Ni nafuu, na hakuna mtu wa kuhatarisha."

"Vigae vikivunjika?"

"Tumetengeneza aina isiyovunjika."

Thayne akasogeza sahani yake mbali. "Basi mngetengeneza hiyo mara ya kwanza."

Yule mtu akainamia sahani yake. Alimaliza pai, akashukuru, akaenda zake. Ile fimbo ya chuma ilikatwa vipande ikauzwa pamoja na vyuma chakavu.

Mzinga wa pili ulishuka tarehe 4 Mei 2019. Familia ilikwenda kuangalia kutoka barabarani, nje ya ua wa waya, na viti vya kukunja na mikate ya nyama. Thayne alikuwa na miaka sabini na mbili, na mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kutetemeka, ila alikuwa anauficha mfukoni. Parachuti lilifunguka. Likateremka bila haraka, likaketi kwenye matope mbali huko kama kuku anayekalia mayai. Watu walishangilia, na Thayne ndiye aliyeanza kupiga makofi.

"Ona, halikuhitaji mtu," Orrin akasema.

"Nyamaza, Orrin."

Walikunja viti, wakarudi nyumbani. Gari lilikuwa limefika kwenye taa za Grantsville ndipo Thayne akatamka, akiangalia dirishani, "Lilifunguka juu kabisa."

Velda akauliza, "Nini, mpenzi?"

"Parachuti. Kama nilivyowaomba. Ningepata nafasi ya kusalimia na kukamata mara tano."

Daktari wa Tooele aliutaja ugonjwa wa kutetemeka mwezi Januari 2020. Ulianza mikononi, ambako uliumiza zaidi. Mtu aliyeshusha jokofu bila kuvunja nyasi hakuweza tena kufunga kifungo cha shati, na hakujifanya kwamba hilo halimkasirishi. Alimkasirikia daktari, vidonge, vikombe, na hasa watu waliomwambia kila jambo lina sababu yake. Aliwauliza waitaje. Mwaka wake wa mwisho hakuweza kujilisha, na hakumkubali muuguzi wala binti yake. Alimkubali Orrin, aliyekuwa anakuja kila adhuhuri na bakuli la supu.

"Fungua mdomo, shemeji. Hilo linakuja. Mara ya kwanza, usinipotezee."

Thayne alifumba mdomo, akakigeuzia kijiko jicho, akakikagua huku na huku. Supu ikamwagika shatini kwa Orrin. Kijiko cha pili alikipokea.

"Mkaidi wewe," Orrin alisema, akijifuta.

"Hai wewe," Thayne akajibu. Maneno yalikuwa yamekuwa magumu kwake wakati huo, na hilo alilitoa kwa shida, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki nyumbani kwake Grantsville, Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, saa nne asubuhi, Velda akiwa ameushika mkono wake, ambao ulikuwa umetulia. Alikuwa na miaka sabini na sita. Familia inawashukuru wauguzi waliomvumilia, askofu na majirani wa kata walioondoa theluji mlangoni bila kuulizwa, na akina dada wanaotuandalia chakula ukumbini baada ya mazishi. Viazi viko vya kutosha. Jeli ya kijani, ile tamu ya kila mkusanyiko wetu, pia ipo, ingawa marehemu hakuwahi kuielewa.

Ametanguliwa na wazazi wake na kaka yake Arlo. Ameacha mke wake wa miaka hamsini na miwili, Velda. Binti yake Janeal na mumewe Curtis, wa Tooele. Mwanawe Reed na mkewe Shauna, wa Elko. Dada zake watatu na mdogo wake mmoja. Na wajukuu saba, ambao kila mmoja aliwahi kubebwa mabegani na kuulizwa aonyeshe upepo unatoka wapi kabla ya kuteremshwa.

Amemwacha pia shemeji yake, Orrin Jorgensen, mwenye miaka sabini na miwili, atakayebeba jeneza upande wa mbele kushoto. Asubuhi ya leo, akisaidiwa kufunga tai, Orrin alisema tena kwamba angejishika. Alilisema kwa sauti, kama alivyozoea, akasubiri. Bibi Velda alimnyooshea tai. Orrin akasema mara ya pili, "Ningejishika, Velda." Hakuna aliyemjibu, kwa sababu anayejua jibu tunamzika saa sita.

Mungu ampokee taratibu, ampumzishe.